EHCP kwa sisi wazazi Waswahili hapa Uingereza: jinsi ya kuomba, kufuatilia na kutokukubali kuzungushwa

Mwanangu alipokuwa darasa la risepsheni, lile wanaloanzia shule hapa, mwalimu aliniita pembeni akaniambia usiwe na wasiwasi mama, hana tatizo, ni Kiingereza tu, nyumbani si mnaongea Kiswahili, atashika. Nikamshukuru kweli kweli, nikarudi nyumbani moyo mweupe. Nikakaa miaka miwili nasubiri ashike. Kumbe bibi yake Tanga kila akipiga simu alikuwa ananiuliza, mwanangu huyu mtoto mbona hata Kiswahili hajibu? Bibi aliona kwa simu kitu ambacho mimi na shule nzima hatukukiona, au tuseme mimi nilikiona nikaona aibu kumbishia mwalimu.

Kwa hiyo naandika hapa hatua zote nilizopita mpaka tukapata EHCP, ambayo ni mpango wa elimu, afya na matunzo unaotolewa na kaunsili (halmashauri) ya pale unapoishi kwa mtoto ambaye msaada wa kawaida wa shule haumtoshi. Unaanza tangu mtoto mchanga mpaka kijana wa miaka 25, na ni karatasi ya kisheria, siyo ahadi ya mdomo. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2014, inaitwa Children and Families Act, hilo jina likariri kwa Kiingereza hivyo hivyo maana utalitaja sana. Ni ya England tu lakini. Mlioko Scotland, Wales na Northern Ireland mna mfumo wenu na majina yenu, msichukue tarehe zangu mkazitumia huko.

HATUA YA KWANZA: hakikisha kama ni lugha au siyo lugha

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wetu wengi wanapopotelea. Sheria inasema mtoto hahesabiwi kuwa ana shida ya kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya darasani. Sawa, ni nzuri, inamlinda mtoto aliyefika juzi kutoka Mombasa asiandikwe kuwa hana akili. Lakini haisemi kwamba mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani hawezi kuwa na shida ya kweli, na watu wanaisoma kinyumenyume.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi, angalia kama ile shida ipo na kwenye Kiswahili. Mwambie "nenda chumbani kachukue viatu vyako uniletee na soksi", je, anarudi na nini? Anataja vitu kwa majina au kila kitu ni "hiki" na "kile"? Anacheza na binamu zake wanaoongea Kiswahili au anakaa pembeni anazungusha tairi la gari lake la kuchezea? Kama Kiswahili kiko vizuri na Kiingereza ndiyo kinasuasua, mpe muda. Kama vyote viwili vinayumba, hiyo siyo lugha, na uiandike hivyo hivyo kwenye imeili kwenda shule. Nenda pia kwa GP (daktari wako wa kawaida) au health visitor (muuguzi wa watoto wadogo) uombe mtoto aonwe na mtaalamu wa spichi, yaani usemi, na umwambie mapema nyumbani ni Kiswahili ili watafute mkalimani, kwa sababu kumpima mtoto kwa lugha moja kati ya mbili alizonazo ni kumpima nusu.

Na yeyote atakayekwambia acheni Kiswahili muongee Kiingereza tu, msimsikilize. Lugha mbili hazileti shida ya usemi. Mimi niliacha miezi sita, nikaongea na mwanangu Kiingereza changu cha kuunga unga, matokeo yake sasa akawa anasikia Kiingereza kibovu nyumbani na Kiswahili hakuna.

HATUA YA PILI: SENCO, na imeili imeili imeili

Kila shule ya kawaida ya serikali lazima iwe na mwalimu anaitwa SENCO, ndiye msimamizi wa watoto wenye mahitaji maalumu. Omba kikao naye. Kabla hata ya EHCP shule inatakiwa impe mtoto msaada kutoka bajeti yake yenyewe, wanapima, wanapanga, wanafanya, halafu wanapitia kuona kama umesaidia, wanarudia tena. Omba huo mpango kwa maandishi. Wakisema tupo naye karibu tunamfuatilia, sema asante sana, naomba mniandikie mnafanya nini, mara ngapi kwa wiki na nani anafanya.

Sasa tatizo letu. Sisi tumelelewa mwalimu habishiwi, na ukishaambiwa jambo uso kwa uso umeambiwa, kudai maandishi baada ya hapo ni kama umemuita mtu mwongo. Hapa haiko hivyo, mambo ya mdomo hayapo. Kila kikao mlangoni, kila simu, ukifika nyumbani tuma imeili fupi: asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba umesema hiki na hiki. Hakuna ugomvi wowote, ila miezi minane baadaye ile imeili ndiyo ushahidi wako. Mimi nilinunua faili la pauni mbili nikawa naprinti kila kitu, mume wangu alikuwa ananicheka mpaka siku ya usuluhishi ambapo lile faili ndilo lililoongea.

Utasikia pia habari ya pauni 6,000. Ni kwamba shule inategemewa itumie mpaka kama pauni 6,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja mwenye mahitaji kutoka mfuko wake kabla ya kuomba nyongeza kaunsili. Hayo ni mahesabu yao wenyewe, siyo sharti lako wewe. Ukiambiwa huwezi kuomba EHCP mpaka shule ithibitishe imetumia hizo hela zote, au mpaka mtoto awe na majibu ya daktari, au mpaka mizunguko miwili ya msaada iishe, hakuna sheria inayosema hivyo. Majibu ya daktari yanasaidia ndiyo, lakini foleni ya kupimwa otizimu (usonji) unaijua ilivyo, usisubiri.

HATUA YA TATU: omba mwenyewe

Watu wengi wanadhani shule ndiyo inaomba. Shule inaweza, lakini mzazi pia anaweza peke yake, na kijana akishafika miaka 16 anaweza kujiombea. SENCO wangu aliniambia bado mapema, nikaomba mwenyewe wiki hiyo hiyo.

Unaandika barua au imeili kwa idara ya watoto ya kaunsili yako, timu ya SEND (mahitaji maalumu ya kielimu na ulemavu), ukisema unaomba tathmini chini ya kifungu cha 36 cha ile sheria ya 2014. Kipimo cha kisheria ni mambo mawili tu: mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu ya kielimu, na huenda ikawa lazima apate msaada kupitia EHCP. Umeona hilo neno "huenda"? Ndiyo nguvu yako hiyo, hutakiwi kuthibitisha, unatakiwa kuonyesha kwamba huenda. IPSEA, ambayo ni taasisi ya hisani ya mambo haya, wana barua za mfano bure kwenye tovuti yao, unajaza tu. Kaunsili nyingi zina fomu yao ya mtandaoni, ukitaka jaza, lakini barua yako inatosha, na usikubali kuambiwa ombi halijapokelewa kwa sababu hujatumia fomu.

Ambatanisha ripoti za shule, barua za hospitali, zile imeili, hata video fupi ukiweza. Halafu andika tarehe waliyopokea kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Kuanzia hiyo siku wana wiki 6 kukujibu kama watampima au hawampimi, na mambo yakienda mpaka mwisho plani kamili inatakiwa itoke ndani ya wiki 20.

Kama Kiingereza cha barua kinakusumbua, kila eneo lina huduma inaitwa SENDIASS, bure, wanakusaidia kuandika na hata kukaa na wewe kwenye vikao. Nyingine ni nzuri sana nyingine wako wawili na simu haipokelewi, jaribu tu.

Mambo mawili ambayo watu wananiuliza kwa kunong'ona

La kwanza viza. Kuna wazazi wana ile alama ya kutotumia fedha za umma kwenye viza wanaogopa wakiomba EHCP Home Office itawafuata. EHCP ni elimu, haimo kwenye orodha ya fedha za umma. Posho ya mtoto mwenye ulemavu, ile DLA, hiyo imo, kwa hiyo msivichanganye, na kama viza yako ina masharti usiombe posho yoyote kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji.

La pili wale wa sosho. Ndani ya tathmini kaunsili lazima iulize watu wa ustawi wa jamii kama wana lolote la kusema juu ya mtoto. Ukiona barua yao usizimie. Ni sehemu ya utaratibu kwa kila mtoto anayeombewa, na mara nyingi wanajibu kwamba hawamjui, basi. Kuna dada alificha barua ile ndani ya droo kwa hofu kwamba wanakuja kuchukua watoto, akachelewesha mambo yake mwenyewe.

HATUA YA NNE: wakikataa kupima

Mimi walikataa, wiki ya sita kamili, barua ya ukurasa mmoja na nusu ya maneno makavu. Usilie, au lia halafu uisome tena, maana ndani yake lazima wakwambie haki yako ya kukata rufaa. Kwanza unawasiliana na mtu wa usuluhishi ambaye namba yake iko kwenye barua, ni bure. Unaweza kukaa kikao au ukasema sitaki kikao, kwa vyovyote anakupa cheti. Halafu unakata rufaa kwenye tribunali ya SEND, ile mahakama ya rufaa za mambo haya, muda wako ni miezi 2 tangu tarehe ya barua ya kaunsili au mwezi 1 tangu tarehe ya cheti, kipi kinachochelewa zaidi. Kukata rufaa hakuna malipo, wakili siyo lazima, na mkalimani unaweza kuomba.

Watu wanaogopa hilo neno tribunali wanadhani ni kwa jaji kama wa mauaji. Siku hizi mengi yanafanyika kwa video, na kesi za kukataliwa kupimwa mara nyingi zinaamuliwa kwa karatasi tu. Na nikwambie kitu, katika kesi zinazofikia hukumu zaidi ya asilimia 90 wanashinda wazazi, yote au sehemu, mwaka hadi mwaka. Na nyingine nyingi kaunsili wananyoosha mikono kabla hata ya tarehe. Mimi kwangu walikubali kwenye usuluhishi, dakika arobaini, baada ya miezi mitatu ya kuniambia haiwezekani.

HATUA YA TANO: tathmini, na usiseme hajambo

Wakikubali, wanakusanya maoni kwa shule, kwa saikolojisti wa elimu, kwa watu wa afya, kwa ustawi wa jamii na kwako. Saikolojisti ndiye mzito. Mwambie ni lugha gani mtoto anatumia na nani, na kama unataka mtaalamu mwingine aulizwe, tuseme spichi au yule wa mikono na mwili wanamuita OT, omba kwa maandishi mapema.

Maoni yako wewe yaandike vizuri. Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Mtu ana homa ya digrii arobaini ukimuuliza hujambo anakujibu sijambo, ndiyo adabu. Saikolojisti akaniuliza nyumbani anaendeleaje, nikajibu yupo vizuri tu tunashukuru Mungu. Akaandika: mama anaripoti hakuna shida nyumbani. Ikaingia kwenye ripoti! Ilinibidi nimwandikie tena kurasa nne kuelezea kwamba "vizuri" yangu maana yake ni kwamba anaamka saa tisa usiku, hali chakula chenye mchuzi, mlango wa mbele una komeo mbili kwa sababu anatoroka, na dada yake mdogo ndiye anayemvalisha viatu. Andika siku mbaya. Andika siku ya kawaida kuanzia kuamka mpaka kulala ukitaja kila mahali ambapo mtu mzima anaingilia kati, yale mambo unayafanya bila kufikiri mpaka umesahau kwamba watoto wengine wa umri wake hawafanyiwi.

HATUA YA SITA: drafti, siku 15

Ikifika drafti, yaani rasimu ya plani, una siku 15 kujibu, na siku hizo zinajumuisha wikiendi. Zima simu, keti chini. Plani ina sehemu kuanzia A mpaka K lakini usisambaze nguvu zako kote. A ni maoni yako na ya mtoto, E ni malengo, C na D ni mahitaji ya afya na ya ustawi. Unazozipigania ni tatu, B, F na I.

B ni mahitaji ya mtoto, F ni msaada atakaopewa kwa kila hitaji, I ni jina la shule. Chukua kalamu, kila hitaji lililoko B lichoree mstari mpaka kwenye msaada wake ndani ya F. Hitaji ambalo halina mstari, mtoto hatapata kitu.

Halafu soma maneno ya F kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Kilichoandikwa F kaunsili inalazimika kisheria kukitoa, hiyo ni kifungu cha 42, shule isipokuwa na hela kaunsili itafute. Ndiyo maana wanaandika maneno ya hewa. Atanufaika na vikundi vidogo. Atapewa fursa ya msaada wa spichi inapohitajika. Msaada wa mara kwa mara. Mara kwa mara ni mara ngapi? Inapohitajika nani anaamua? Omba ibadilishwe isomeke kwa mfano dakika 30 za spichi kila wiki ya muhula, ana kwa ana, na mtaalamu mwenye sifa, pamoja na dakika 15 kila siku na TA (msaidizi wa mwalimu darasani) aliyefundishwa na huyo mtaalamu. Wingi, marudio, nani, sifa gani. Ukisoma sentensi ukashindwa kujua siku ya Ijumaa kama imetekelezwa au haijatekelezwa, irudishe.

Angalia pia spichi wameiweka wapi. Wanapenda kuisukumia G ambayo ni msaada wa kiafya, wanasema hiyo ni kazi ya watu wa NHS, huduma ya afya ya serikali. Tiba yoyote inayomfundisha au kumzoeza mtoto inahesabiwa kuwa ni elimu, na spichi kwa kawaida ni ya F. Tofauti ni kubwa kwa sababu ikiwa F kaunsili ndiyo inabanwa.

I kwenye drafti inakuja tupu kwa makusudi, ni wewe unataja shule unayoitaka, ya kawaida au maalumu, na kama ni ya serikali lazima waitaje isipokuwa haimfai mtoto kwa umri, uwezo au mahitaji yake, au kumuweka hapo kutaharibu masomo ya wengine au matumizi mazuri ya rasilimali. Nenda mkazitembelee kwanza wakati wa masomo, siyo siku ya maonyesho. Simama dakika tano chakula cha mchana uone watoto wanavyoongeleshwa.

HATUA YA SABA: plani ikitoka, au isipotoka

Karibu nusu tu ya plani zinatoka ndani ya wiki 20, kwa hiyo usishangae ila usikae kimya pia. Wiki ya 21 peleka malalamiko rasmi kaunsili, tumia neno malalamiko kabisa kwa Kiingereza chao, wakikujibu vibaya au wasipojibu peleka kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, mchunguzi huru wa malalamiko, bure, na anaweza kupendekeza waombe radhi na kulipa fidia. Hata plani ikiwa imeshatoka lakini yale ya F hayatolewi, njia ni hiyo hiyo. Kama hukubaliani na B, F au I kwenye plani ya mwisho, ni tribunali tena, tarehe zile zile za juu, ila ukipinga I peke yake cheti cha usuluhishi hakihitajiki.

Wakikwambia hawana rekodi, andika kuomba nakala ya kila walichonacho juu ya mtoto chini ya sheria ya data. Wana mwezi mmoja. Inashangaza vitu vinavyopatikana humo.

HATUA YA NANE: kila mwaka

Plani inapitiwa angalau mara moja kila miezi 12. Baada ya kikao kaunsili ina wiki 4 kukwambia itaiacha, itaibadilisha au itaifuta. Njoo na daftari lako la kile kilichotolewa na kile hakikutolewa, tarehe kwa tarehe. Mtoto akikaribia kuhama ngazi, kwa mfano kwenda sekondari, shule mpya lazima iandikwe kabla ya tarehe 15 Februari ya mwaka huo, na kwa wanaokwenda chuo baada ya miaka 16 ni tarehe 31 Machi, kwa hiyo mazungumzo yaanze mwaka mmoja kabla, mapumziko ya kiangazi yakifika ukiwa hujaanza umechelewa.

Mkihama kaunsili plani inahama nanyi, haianzi upya, lakini waandikie kaunsili ya zamani na mpya kabla gari la mizigo halijaja. Mkirudi nyumbani moja kwa moja plani haina nguvu huko, ila ripoti za saikolojisti na za spichi bebeni zote, Kenya kuna vile vituo vya serikali vya kupima watoto vinaitwa EARC, na hata mwalimu wa kawaida Tanzania akizisoma ataelewa pa kuanzia. Mimi nakala ya zetu iko Tanga kwa bibi, kwenye kabati la vyombo vya wageni, chini ya mabakuli.